Kula ya Kupiga na Kula ya Kutafuna

Hapana, hizo sahani hazikutoka kwangu. Andika hiyo kwanza, kabla mtu hajauliza, maana watauliza. Kuna mtu hapa kwa ploti anaeneza ati mimi ndio nilibeba sahani kwa kiondo, nikaingia nazo shuleni, nikagawia watoto. Kiondo nilikuwa nayo, sikatai. Lakini ndani kulikuwa na leso, dawa yangu ya magoti na andazi moja. Sahani zilikuwa za watoto wenyewe, na miguu iliyokimbia kuzichukua ilikuwa yao. Mimi nilikuwa na mdomo tu, na hata huo mdomo, siku hiyo, ulikuwa umeazimwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Sisi tunakaa hizi nyumba za zamani upande wa Makadara, mlango unaangalia mlango, bomba moja katikati. Pale kwa bomba kuna simiti ya kufulia, na hapo ndio bunge yetu. Ukitaka habari, chukua nguo, hata kama ni safi, enda ufue. Mimi nimekaa hapo juu ya mtungi wangu mpaka nimeshika sauti ya kila mtu. Shule sikuenda nikiwa mdogo, hata mlango wake sikuujua, lakini sauti ya mtu ikiingia kwa sikio yangu haitoki tena. Pasta nakutolea, na ile "asifiwe" yake anaivuta mpaka chai inapoa. Keateka, yule wa kukusanya kodi, nakutolea, na ile kikohozi yake ya mwisho wa mwezi. Siku moja nilikohoa hivyo nikiwa nyuma ya mlango, ploti nzima ikazima redio na kushika pumzi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wao hawakucheka.

Sasa, mlango wa pili kutoka kwangu kuna mama mmoja anafagia ofisi huko tao. Anatoka asubuhi mapema, anarudi jua limeenda. Watoto wake wawili wakitoka shule wanakuja kwangu: msichana wa gredi siksi na ndugu yake mdogo wa gredi wan. Huyu mdogo alikuwa anaingia na njaa mpaka anaongea na sufuria. Namuuliza, kwani shuleni si mnapewa githeri? Anasema tunapewa. Ilikuwa na maharagwe? Ananiangalia kama mtu ameulizwa habari ya nyama.

Dadake ndiye alinieleza. Kengele ya chakula ikilia, madarasa ya juu wanakimbia, wanapanga laini mbele, wadogo wanasukumwa huko nyuma na viwiko. Laini ikifika kwa wadogo, maharagwe yameenda, kumebaki mahindi yanaogelea. Siku zingine mahindi pia yameenda, kumebaki kuogelea. Mwalimu akisimama hapo wanajipanga vizuri kama malaika. Akigeuka tu, viwiko.

Basi jioni moja msichana akaja akasimama mbele yangu, begi bado iko mgongoni. Shosh ndio wananiita, yaani nyanya.

"Shosh, nataka kusimama."

Nikamwambia si umesimama, kwani nani amekukalisha.

"Rais wa shule, shosh. Rais ndio hupanga laini ya lunch. Nikishinda, wadogo wanakula kwanza. Kila siku."

Wee. Moyo yangu iliruka kama mtoto ameniambia anaenda kusimama kiti cha nchi. Hata mtungi nilianguka nao. Kabla ya magharibi nilikuwa nimetangaza kwa kila mlango kwamba ploti yetu ina mgombea, na mtu asilete mambo ya kunung'unika kuhusu zamu ya kuosha choo mpaka hii maneno iishe.

Shida ilikuwa moja. Huyo mtoto hana sauti. Akili anayo, roho anayo, lakini anaongea na kola ya shati. Ukimuuliza umekula, unaona midomo ikienda, unangoja, hakuna kitu kinafika. Na mpinzani wake, tuliambiwa, ni kijana mmoja wa gredi siksi mwenye koo kama tarumbeta, anatembea na marafiki wanaomuita mheshimiwa. Huyo aliahidi mpira. Kila Ijumaa mpira, mpira mpya, neti mpya. Madarasa ya juu yote yalikuwa yake. Wetu walikuwa ni wadogo, na wadogo wako wengi, usiwadharau. Kama wote wangesimama nyuma ya msichana wetu, huyo mheshimiwa angeenda nyumbani na tarumbeta yake.

Tukaanza mazoezi pale kwa simiti. Kila jioni anapanda juu ya beseni iliyogeuzwa, sisi tunafua tukisikiza. Mama wa mboga akaleta tangawizi ya koo. Na fundi wa nguo, huyu jirani yetu wa mlango wa kona, akatoka na cherehani yake mpaka nje asikose kitu. Fundi ni mtu wa Murang'a. Huenda Gikomba kuchagua makoti ya mtumba, anayakata, anayashona upya, unafikiri yametoka dukani. Akasema mgombea hawezi kwenda na sweta imetoboka kiwiko, akampimia koti ya bluu. Alipima huku sindano iko mdomoni na bado anaongea.

Yeye ndiye alileta vita. Mtoto alikuwa ameandika maneno yake, maneno machache, mazuri: mkinipa kura, wadogo watakula kwanza. Akayasema kwa ile sauti yake ya kola. Mimi nikamwambia, mwanangu, sema kwa nguvu, hivi, nikasimama nikashika kiuno:

"Mkinipea kula, mtapata kula!"

Fundi akatoa sindano mdomoni. "Shosho, unaharibia mtoto. Hiyo si sawa. Ni kura."

"Si hivyo ndivyo nimesema. Kula."

"Kura."

"Ya kupiga ama ya kutafuna?"

"Ya kupiga."

"Na ya kutafuna unaitaje?"

"Kura," fundi akasema, na uso yake ilikuwa safi kabisa, bila dhambi.

Ploti ilianguka. Mama wa mboga aliachilia ndoo. Kwa sababu sisi wa kutoka Ukambani, ulimi yetu haina hiyo herufi ya kutetemeka, tunasema Makadala na lais wa shule. Na wao wa Murang'a hawana hii nyingine ya kulala, fundi anasema raini ya chakura. Kwangu yote ni kula. Kwake yote ni kura. Na kila mmoja alikuwa anasikia mwenzake ndiye mgonjwa. Tuligombana hapo mpaka maji ikamwagika kwa bomba na hakuna mtu alifunga. Mtoto mwenyewe, amezaliwa hapa Nairobi, anasema zote mbili vizuri kama redio. Alikuwa amekaa juu ya beseni anacheka mpaka machozi, na hiyo ndio mara ya kwanza nilisikia huyo msichana akitoa sauti inafika ukuta wa pili.

Hapo ndio nikapata akili. Nikamwita kando.

Nikamwambia, wewe sauti unayo, unaogopa tu kuitoa kwa sababu ni yako. Hii koti ya fundi ilikuwa ya mzungu fulani, si ndio? Sasa ni yako na unaivaa bila aibu. Basi siku hiyo ukiogopa, usitafute sauti yako. Vaa ya mtu mwingine. Sauti ya mtumba.

"Ya nani, shosh?"

Nikamwambia chagua. Nikamfungulia gunia. Nikamtolea pasta, akajaribu, akavuta "asifiwe" mpaka akakosa pumzi. Nikamtolea keateka. Nikamtolea mwalimu wake wa Kiswahili, ambaye nilikuwa nimemsikia siku ya wazazi, mwanamke wa Mombasa anayepaka kila neno mafuta: "Enyi wanafunzi wangu wapendwa, hebu tulieni, mjongee hapa kivulini." Mtoto alishika hiyo mara moja, na vile mwalimu anakunja vidole. Alishika fundi na sindano mdomoni. Jioni baada ya jioni tulikuwa tunavaa watu na kuvua, na nikaona huyu mtoto ni wa kwangu kabisa, hata kama hakuna damu. Nikamuuliza utavaa nani siku yenyewe. Akasema ni siri.

Siku ikafika. Ilikuwa karibu saa ya chakula, uwanja umejaa, vumbi imesimama. Wazazi walikuwa wamealikwa wachache, na mama yake hangeweza kuacha kazi, kwa hivyo tulienda mimi na fundi. Fundi alivaa tai. Jikoni ya shule ni ile ya mabati pale kwa kona ya uwanja, moshi inatoka, na harufu ya githeri ilikuwa imeshika kila pua. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni, mama mmoja mkubwa wa kutoka Kisumu, wale wa kuita shule sule, na mwiko mrefu kama jembe. Hakuwa anaangalia uchaguzi. Alikuwa anaangalia sufuria yake.

Mwalimu wa Mombasa akaeleza. Hakuna karatasi, kwa sababu wadogo hawajui kuandika majina. Ni mlolongo. Wagombea wakimaliza kuongea, kila mwanafunzi asimame nyuma ya anayemtaka. Laini ndefu ndio imeshinda.

Mheshimiwa akaanza. Mpira, neti, mpira. Madarasa ya juu wakapiga makelele mpaka kunguru wakatoka kwa paa. Alipomaliza alitengeneza kola kama mtu ameshaapishwa.

Halafu wetu akapanda. Koti ya bluu inamkaa kama ya meneja wa benki. Akafungua mdomo. Hakuna kitu. Nikaona midomo inaenda, macho yanaenda, kola, kola, kola. Wakubwa wakaanza kupiga mluzi. Fundi akanishika mkono akanifinya mpaka leo naona alama. Nilikuwa nasema kwa roho, vaa, mwanangu, vaa mtu yeyote, vaa hata keateka.

Mtoto akashika kiuno. Akatoa mguu mmoja mbele, ule wa goti mbaya. Akanyoosha kidole.

"Nyinyi watoto wa Makadala! Mimi sina maneno mingi, mimi ni mgonjwa wa magoti!"

Ilikuwa mimi. Mimi kabisa, na kikohozi yangu, na vile navuta pua. Nimeigiza watu miaka yote hiyo na sijawahi kusikia mtu akinitoa mimi. Shule nzima ikalipuka. Wakubwa waliokuwa wanapiga mluzi walikuwa wameshikana mabega wakicheka, hata mheshimiwa alisahau kujikaza. Fundi alikuwa analia ndani ya tai. Na mtoto hakuogopa tena, alikuwa anaenda kama gari bila breki.

"Hawa wakubwa wenu wanatafuna mpaka wanatoka tumbo, na huyu mdogo anakula maji! Mimi nikiwa lais, mdogo ndio wa kwanza! Mkinipea kula, mtapata kula! Bila kula, hakuna kula!"

Wadogo walikuwa wanaruka mahali wamekaa. Ndugu yake alikuwa amesimama mbele ya wote, mikono juu, amefungua mdomo kama ndege mdogo. Na dada, akiwa ameinuka na hiyo furaha, badala ya kumaliza kwa sauti yake, akamaliza na yangu.

"Sasa wenye kula, kila mtu akimbie apange laini!"

Mimi nilisikia vizuri. Kwangu hiyo ilikuwa kula ya kupiga. Fundi pia, kwake ilikuwa ni ya kupiga. Lakini hao watoto wa gredi wan na gredi tuu hawajakaa kwa bomba yetu. Wao walisikia tu kula.

Waliinuka wote pamoja kama vifaranga wamemwagiwa mahindi. Wakakimbia. Mimi nikapiga makofi, nikajua wanaenda nyuma ya msichana wetu. Wakampita. Wakaingia darasani kwao, tukasikia bati zinagongana, wakatoka na sahani zao. Sahani za plastiki, za bati, moja ilikuwa kifuniko cha sufuria. Wakavuka uwanja mbio mpaka kwa jikoni, wakapanga laini iliyonyooka kushinda kamba ya nguo, ndugu yake mbele kabisa, sahani imeinuliwa juu ya kichwa.

Wakubwa hawakuelewa. Wao walikuwa wanafanya uchaguzi. Walijipanga nyuma ya mheshimiwa, laini ikaenda mpaka kwa lango. Nyuma ya msichana wetu kukawa na marafiki zake wa darasa, wasichana wanne watano wa gredi faivu, na mimi, kwa sababu sikuweza kuvumilia, nilitoka mbio na magoti yangu nikasimama nyuma yao. Fundi akasimama nyuma yangu.

Mwalimu akaja na vile vidole. "Bibi yangu mpendwa, hapa ni wanafunzi peke yao."

Nikamwambia mimi shule sijawahi kumaliza, kwa sababu sijawahi kuanza, kwa hivyo bado ni mwanafunzi. Alikunja midomo, lakini niliona anameza kicheko. Akamwambia fundi pia atoke. Fundi akasema yeye anataka haki, wapigaji kura wetu wako pale kwa jikoni, waitwe. Hiyo kura alikuwa ameisema sawa, na hakuna mtu aligundua isipokuwa mimi.

Kukawa na kelele. Mwalimu akapuliza filimbi, wadogo wakaangalia upande mwingine. Akawaita kwa upole, akawaita kwa ukali. Hakuna aliyetoka. Hao watoto hawajawahi kuwa mbele ya laini tangu wazaliwe, utawatoa na filimbi? Watu wa mheshimiwa wakapiga kelele kwamba laini ni laini, aliyekosa amekosa. Mimi nikawajibu kwa sauti ya mheshimiwa mwenyewe, na hiyo haikusaidia. Wazazi wake wakaanza kuniuliza mimi ni nani.

Msichana wetu alikuwa amesimama hapo katikati, koti imepinda bega moja. Alikuwa anaangalia laini ya jikoni.

Mwalimu akamwambia, sasa bila mafuta yoyote: "Nenda uwaite. Wewe watakusikia. Wasipokuja, umeshindwa."

Nikamwambia kimbia, mwanangu, kimbia uwalete. Alijua wakija anashinda, hata mimi sijasoma na nilikuwa nimeona. Lakini hakuenda. Alivuta pumzi, na akaongea kwa sauti yake, ile ndogo, lakini safari hii ilifika.

"Ticha, nikiwaita watatoka kwa laini. Halafu hawa wakubwa wataenda kusimama pale mbele. Watakula mwisho tena."

Mwalimu akasema basi hutakuwa rais.

"Sawa," mtoto akasema.

Mimi sikusema sawa. Nilifungua mdomo wote. Nilisema wanarudia uchaguzi, nilisema hatutoki hapa, fundi akasema hatutoki, watu wa mheshimiwa wakasema tutoke, mheshimiwa akabebwa juu mabegani, na wale walikuwa wa nyuma kwa laini yake wakageuka kuangalia jikoni, pua zikawaamsha. Wakaona wadogo wako mbele. Wakaanza kwenda. Kwanza polepole, halafu mbio, na viwiko tayari. Mwalimu mkuu mwenyewe akatoka ofisini kuuliza ni nini inaendelea, kila mtu akamjibu wakati mmoja, mimi nikamjibu kwa sauti nne. Na msichana wetu alikuwa ameshakimbia, koti inapepea, akafika kabla ya wakubwa, akasimama kando ya ndugu yake na mikono imefunguka. Msichana mmoja mwembamba na shule nzima inamjia.

Hapo mpishi akagonga mwiko kwa mlango wa mabati. Mara moja. Uwanja wote ukanyamaza, hata mheshimiwa huko juu. Alituangalia sisi wote, wazazi, walimu, fundi na tai yake, mimi na kiondo yangu, kama watu wamekuja kuuliza njia. Halafu akachota githeri, akachota kutoka chini kabisa mahali maharagwe hulala, akajaza sahani ya yule mdogo mpaka ikamwagika kwa kidole gumba.

"Nyinyi pigeni hiyo kura yenu mpaka jioni," akasema. "Mwiko nimesika mimi, na huyo rais wenu akisuka huko juu, apange nyuma."